Wazee Waliokataa Kuketi

Wazee watatu walisimama mlangoni kwa Lakew wakakataa kuketi. Asnaku, mkewe, alikuwa ameshatandaza majani mabichi sakafuni, ameshakaanga kahawa, ameshaazima kwa jirani viti viwili vya kuongezea kile chao kimoja. Wazee hawakuvitazama hata hivyo viti. Walisimama na mashuka yao meupe ya pamba, fimbo mkononi, kama watu waliokuja kuposa, maana hata posa kwetu Addis huanza hivyo hivyo: mzee haketi mpaka apewe ndiyo. Ukimwacha aondoke bila kuketi, mtaa mzima utajua kabla ya jioni kwamba nyumba yako haina adabu.

"Karibuni mketi, baba zangu," Lakew alisema tena.

"Tutaketi," alijibu Mzee Teferra, "ukishakubali."

"Nikubali nini? Hamjasema bado."

"Kubali kwanza."

Hili ndilo linalonikera mimi katika mambo haya. Mtu anaombwa ndiyo yake kabla hajaambiwa swali, na akiuliza swali ni lipi anaonekana mkorofi. Lakini Mzee Teferra hakuwa mtu wa kujibiwa ovyo. Alikuwa mwenyekiti wa idiri, chama chetu cha mazishi, na hema la msiba, masufuria makubwa na mabenchi yote yalikuwa chini ya ufunguo wake. Wa pili, Mzee Kebret, alikuwa askari zamani na masikio yake yalibaki vitani. Yeye alikubaliana na lolote lililosemwa na Teferra. Wa tatu hakuna aliyemjua. Aliitwa Bezabih, na viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa, jambo ambalo hakuna mtu wa mtaa wetu wa matope angelijaribu.

"Kuna mtu umemkosea," Teferra alianza. "Bwana Gizachew, meneja wako pale saitini. Anasema umemvunjia heshima mbele ya vibarua."

"Sikumvunjia heshima, baba. Nilishuka kwenye kreni."

"Ndiyo hiyo."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jengo la ghorofa kumi na nne kule Gerji lilitakiwa kumwagiwa zege la paa kabla mvua kubwa hazijaanza, na Lakew ndiye aliyeendesha kreni. Kreni za mnara zina kifaa kinachopima mzigo. Ndoo ya zege iliyo karibu na mnara inaweza kuwa nzito sana na isilete neno. Ndoo ile ile ukiisogeza hadi ncha ya mkono wa kreni, inaweza kuuangusha mnara mzima. Mzigo ukizidi, kengele inalia na umeme wa kuusogeza unakatika wenyewe. Bwana Gizachew analijua hilo, amelisomea. Lakini alileta ndoo kubwa zaidi ili kazi iishe haraka, kengele ikawa inalia kila saa, na Jumatatu akamtuma fundi umeme afunge kipande cha waya ndani ya sanduku la kile kifaa, kengele isilie tena na umeme usikatike. Lakew alipanda, akaukuta waya, akashuka. Alisema hapandi mpaka utolewe. Alilisema mbele ya vibarua kwa sababu hapo ndipo Bwana Gizachew alipokuwa amesimama.

Na chini ya mkono ule wa kreni, kutwa nzima, walipita wanawake wanaobeba saruji iliyochanganywa kwa machela za mbao, wawili wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Asnaku alikuwa mmoja wao. Mwenzake wa machela aliitwa Tirunesh.

"Ugomvi una dawa yake," Teferra alisema. "Mimi nimepatanisha watu waliomwagiana damu. Nyinyi wawili mtanishinda?"

"Hatujagombana, baba. Hata hasira naye sina. Kuna waya umefungwa mahali pasipotakiwa. Autoe, nipande. Sasa mnataka nipatane na nani, na waya?"

"Amekubali?" aliuliza Mzee Kebret kwa sauti kubwa.

"Bado!" Teferra alimpigia kelele sikioni.

"Basi tusimame."

Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda, na kitandani alikuwa Mama Zenebech, mama yake Asnaku, ambaye miguu ilikuwa imemkataa tangu mwaka uliopita lakini ulimi ulikuwa mzima. "Lakew!" alisema. "Wazee wanasimama nyumbani kwangu! Nimechangia idiri tangu huyu mkeo yuko tumboni. Unataka nikifa nibebwe na nani? Na kreni?"

Lakew alifumba macho. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemtishia. Teferra hakuwa na haja ya kutishia. Alisimama tu pale mlangoni na miguu yake ya uzee ikianza kutetemeka, na kila dakika aliyosimama ilikuwa deni juu ya nyumba ile.

Ndipo yule wa viatu vizuri akafungua kinywa. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Gizachew si mtu mbaya, mwanangu. Ana haraka tu. Wewe ukishamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia, na yeye atautoa huo waya. Nakuhakikishia mimi."

"Samahani, baba. Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni mzee tu, kama wazee wenzangu." Akageuka kwa Asnaku, akatabasamu. "Na nimeambiwa huyu binti yetu anabeba machela pale chini. Kazi ngumu hiyo. Atahamishiwa stoo. Atakaa kivulini, ahesabu misumari."

Kahawa ilifurika ikazima makaa. Asnaku aliinama kuiokoa, akakaa ameinama kuliko ilivyohitajika.

"Nani ataniapia kwamba waya utatoka?" Lakew alimuuliza Teferra, si Bezabih.

"Mimi ndiye mdhamini," Teferra alisema, na hapo alikuwa mkweli kabisa. "Neno langu limewahi kuanguka lini?"

"Basi ketini, baba zangu."

Waliketi wote kwa mpigo, wakahema. Walikunywa kahawa mizunguko yote mitatu, wakatafuna shayiri ya kukaanga, wakasifu amani kana kwamba wao ndio walioivumbua. Ilikuwa Jumatano, siku ya mfungo, kwa hiyo Asnaku aliwapakulia injera na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, usio na siagi, na Mzee Kebret akaomba aongezewe. Wakati wa kuaga, Teferra alimshika Lakew begani.

"Kesho asubuhi, mwanangu. Utabeba jiwe begani, upige magoti, yeye atakuinua. Kama desturi."

"Jiwe, baba?"

"Dogo tu. La heshima."

Jirani alikuja kuchukua viti vyake, akapongeza. Habari zilikuwa zimeshafika. Alipotoka, Asnaku alianza kuosha vikombe kwa fujo, kimoja kikagonga kingine.

"Sema," Lakew alimwambia.

"Niseme nini? Piga magoti. Magoti hayavunjiki."

"Anayebeba jiwe begani ni mkosaji. Mimi nimekosa nini?"

"Najua hujakosa! Unadhani sijui? Mimi ndiye ninayepita chini ya ile ndoo, Lakew, si wewe. Nikisikia kivuli kimenipita mgongoni, nakaza mwendo. Piga magoti, waya utoke, basi. Kama dunia imefika mahali pa kutoa waya kwa magoti, yapige."

"Na stoo?"

Asnaku alichukua kitambaa. Alifuta kikombe kilichokuwa kimeshakauka.

"Nimekuuliza stoo, Asnaku."

"Nimekusikia. Tangu ameitamka sijafikiria kitu kingine. Kukaa, Lakew. Kukaa tu kitini, mgongo upumzike." Akakiweka kikombe. "Halafu nikafikiria, Tirunesh atabeba na nani? Watamtafutia mwingine, watapita pale pale. Wanadhani wewe unaogopa kuniua mimi tu. Kwamba wengine ukiwaangushia ni sawa."

Nyuma ya pazia Mama Zenebech alikohoa. "Mnanong'ona nini? Mshukuru Mungu. Mwenyekiti mzima amekuja hapa kwa miguu."

"Tunashukuru, mama," Asnaku alisema.

"Hamshukuru. Nawasikia."

Asubuhi iliyofuata, saitini, mixa za kuchanganya zege zilizimwa. Vibarua walipangwa mduara kama wanafunzi, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili na machela zao. Bwana Gizachew aliletewa kiti cha plastiki, akaketi, simu sikioni, mguu juu ya mguu. Malori mawili ya zege yalikuwa njiani na yeye alikuwa akiyaelekeza. Wale wazee watatu walipewa benchi, na safari hii waliketi bila kuombwa.

Nyapara alitumwa kutafuta jiwe. Akaleta moja la ukubwa wa mkate. Gizachew aliliangalia, akaziba simu kwa kiganja. "Hilo dogo, bwana." Nyapara akaenda tena, akarudi na lingine kifuani, ameinama mgongo. Hilo likafaa. Mimi nasema hivi na sitaki kubishana: kwa siku zile zote, pale saitini, hicho ndicho kitu pekee ambacho Bwana Gizachew aliona haja ya kukipima uzito.

Lakew alivua helmeti. Alilibeba jiwe begani, likamkwaruza shingo, akatembea hatua zile mbele ya watu aliofanya nao kazi, akapiga magoti kwenye vumbi la saruji. Baadhi ya vijana waliangalia chini. Mmoja alicheka kwa woga, akakanyagwa mguu na mwenzake. Asnaku alikuwa ameshika mikono ya machela iliyo tupu, na alikuwa ameibana kana kwamba imejaa.

"Kama nimekukosea kwa maneno yangu, nisamehe," Lakew alisema.

Gizachew alikuwa bado anaongea na dereva wa lori. "Ingilia geti la nyuma... la nyuma, nimesema." Akakata simu, akainama, akaliondoa jiwe kwa vidole, likaanguka. "Nimekusamehe. Inuka."

"Vigelegele!" nyapara alipaza sauti. "Kina mama, vigelegele!"

Wanawake wachache walipiga. Tirunesh, mwenzake Asnaku, alipiga miayo.

Lakew alisimama, akapangusa magoti. "Ahsante. Sasa fundi umeme apande, autoe waya."

"Waya gani?"

"Ule wa kwenye kifaa cha uzito."

Gizachew aliangaza macho kwa wazee kama mtu anayeomba mashahidi. "Si tumepatana? Tumepatana au hatujapatana? Mbona mtu huyu anaanza tena?"

"Mwanangu," Teferra alisema kwa kusitasita, "tulimwahidi kwamba waya..."

"Baba, waya utatoka. Nani amekataa? Tukimaliza slabu hii ya paa utatoka. Malori yako getini. Nikiutoa sasa, kengele italia siku nzima, na mimi zege nitalimwaga wapi, kichwani kwangu?"

Teferra alimgeukia Bezabih. "Wewe ulituambia akiombwa radhi ataondoa."

"Nilisema ataondoa," Bezabih alijibu kwa ule upole wake. "Siku sikutaja. Na sisi tulikuja kwa ajili ya ugomvi, mwenyekiti. Ugomvi umekwisha. Mambo ya mitambo tuwaachie wenye mitambo."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa katikati ya vibarua wenzangu, na mpaka leo yakinijia nikiwa nakula, chakula hakishuki. Waliingia nyumbani kwa mtu, wakala shiro yake, wakampigisha magoti kwa ajili ya waya, halafu wakasema waya haukuwa shauri lao.

Lakew alitazama juu kwenye mnara, akatazama ndoo kubwa pale chini, akatazama wazee. Alikuwa mweupe wa vumbi kuanzia magotini kushuka. Alipoongea hakupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alinyamaza ili asikie.

"Sawa. Mimi ni mtoto kwenu, siwezi kuvunja nilichowaahidi. Nitapanda. Lakini Mzee Teferra, wewe ulisema u mdhamini. Mdhamini husimama na anayemdhamini. Meneja anasema hakuna hatari. Basi simameni pale." Akaonyesha kwa kidole njia ya machela, chini ya ncha ya mkono wa kreni. "Simameni pale wanaposimama wake zetu, mimi nipande ninyanyue ndoo ya kwanza. Ikifika paani salama, sitasema neno tena."

"Huo ni utovu wa adabu!" nyapara alifoka.

"Adabu gani tena?" Tirunesh alisema. "Sisi tunasimama pale kila siku, hakuna aliyetuuliza adabu zetu."

Mzee Teferra alikuwa ameshainuka. Alikuwa mtu wa majivuno, lakini majivuno yake yalikuwa ya kweli; neno lake alilithamini kuliko miguu yake. Na kreni hakuijua. Kwake yeye ilikuwa chuma kirefu tu, na meneja msomi alikuwa amesema ni salama. "Mimi nitasimama," alisema, akaenda, fimbo ikigonga kokoto.

Mzee Kebret, ambaye hakusikia lolote, alimwona mwenyekiti anakwenda, akamfuata.

Bezabih alibaki peke yake kwenye benchi. Vibarua wote walikuwa wakimwangalia yeye na viatu vyake. Mzee anapowaacha wazee wenzake waliokuja pamoja, kwetu hilo halisahauliki hata kwa wajukuu. Alikunja shuka lake, akatabasamu kidogo, akaenda taratibu kusimama kando ya wale wawili.

Lakew alianza kupanda ngazi. Hakuwa na hila yoyote, nasema hivyo kwa sababu baadaye walimwita mjanja. Hakujua atafanya nini akifika juu. Mikono ilimtoka jasho hadi vyuma vikateleza, na kila alipotazama chini kati ya miguu yake aliona mashuka matatu meupe yamesimama mahali ambapo kwa siku nyingi aliona vitambaa vya kichwa vya wanawake. Alifikiri: nikiinyanyua, nimekuwa kama wao. Nisipoinyanyua, nimewatukana. Alipanda ngazi moja, akasimama. Akapanda nyingine.

Nyapara, kwa kutaka kumfurahisha mkubwa wake, alikuwa ameshaamuru ndoo ijazwe. Lori la kwanza lilizungusha tumbo, zege likashuka, ndoo ikajaa hadi mdomoni. Wafungaji wakaishika kulabu, wakaitia kwenye ndoo. Mnyororo wakaunyoosha kwa mikono.

Bwana Gizachew aliitazama ile ndoo. Akatazama mkono wa kreni hadi ncha. Akatazama pale chini.

"Baba!" alipiga kelele. Simu ilimtoka mkononi. "Baba, toka hapo! Toka chini ya hicho kitu! Lakew, shuka! Usiguse chochote! Baba Bezabih, toka, nakwambia! Binti yako nitamwambia nini?"

Na Bezabih alitoka. Hakuuliza kwa nini. Alitoka mbio ambazo umri wake haukuruhusu, shuka likimwanguka nyuma, kiatu kimoja kikazama kwenye tope la saruji kikabaki huko huko. Ndipo tulipofahamu sote kwamba mzee wa viatu vizuri alikuwa baba mkwe wa meneja.

 Mzee Teferra alikuwa bado amesimama pale pale, na Kebret kando yake, wakitazamana. Hakuna aliyekuwa amewaita wao.

"Kumbe," Tirunesh alisema. "Kumbe pale pana hatari!"

"Nyamaza wewe!" alisema nyapara.

"Ninyamaze? Mimi nami nina mkwe. Yuko nyumbani ananisubiri nikampikie. Bwana meneja, na mimi niambie nitoke basi! Niite jina!"

Asnaku aliiweka machela chini. Hakuitupa, aliiweka kama mtu anayeweka mtoto, akanyoosha mgongo, akaenda kumshika Mzee Teferra mkono na kumtoa pale. Kisha akamtoa Kebret. Wanawake wengine nao waliweka machela zao, moja baada ya nyingine, wakatoka kwenye kivuli cha ule mkono wa kreni, wakasimama ukutani.

"Zege linaganda!" Gizachew alisema. "Mnafahamu zege ni nini? Linaganda ndani ya lori!"

"Ligande," alisema Asnaku.

Kwa amri ya Gizachew, fundi umeme alipanda na koleo mfukoni, akashuka na kipande cha waya kisichofika urefu wa kidole. Ni hicho tu. Ilichukua muda mfupi kuliko mzunguko mmoja wa kahawa. Kwa ajili ya hicho mtu mzima alikuwa amebebeshwa jiwe mbele ya mkewe.

Sasa wazee walikuwa wamekusanyika tena kando ya benchi. Watu walingoja. Tulidhani Mzee Teferra, ambaye neno lake halijawahi kuanguka, atamwendea Bwana Gizachew na kusimama mbele yake na kukataa kuketi. Kwamba atasema: sasa ni zamu yako, na hatuondoki hapa mpaka upige magoti. Tuliliona kabisa midomoni mwake. Aliitafuna midomo ile. Kisha meneja akasema, "Wazee wangu, jua kali, gari liko tayari litawarudisha nyumbani," na Bezabih, mwenye kiatu kimoja, akamfungulia mwenyekiti mlango wa mbele.

Teferra aliingia. Kioo kilipoteremka alimwita Lakew, aliyekuwa ameshashuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka sana kuamini anachosema. "Umeona, mwanangu? Waya umetoka. Heshima imefanya kazi."

Lakew alimtazama. "Ndiyo, baba," alisema, maana angesema nini? Akarudi kwenye ngazi.

Ndoo ya kwanza ilinyanyuka vizuri. Njia ya chini ilikuwa tupu, kina mama walikuwa bado ukutani, na safari hii hakuna aliyethubutu kuwaambia warudi. Lakew aliisogeza nje taratibu kwenye mkono wa kreni. Haijafika hata nusu ya njia, kengele ikalia, ndoo ikasimama, ikaning'inia hewani ikiyumba.

"Nini tena?" Gizachew aliuliza kwenye redio.

"Mzigo umezidi. Nairudisha. Ipunguzwe."

Ikarudishwa, ikateremshwa, mlango wake wa chini ukafunguliwa, zege likamwagika ardhini. Ikapanda tena. Kengele ikalia tena, mbele kidogo tu ya pale pa kwanza. Ikashuka, ikamwagwa tena. Mara ya tatu ikaenda hadi ncha ya mkono bila kelele, ikafika paani, na pale chini pakabaki lundo la zege bichi, pana kama kitanda cha watu wawili, linalomfika mtu magotini. Vibarua walilizunguka. Kila mmoja alikuwa akilitazama lile lundo, kisha anatazama juu, kisha analitazama tena.

Nyapara alikuja na koleo za udongo. "Haya, kina mama. Leteni machela, mlizoe hili kabla halijawa jiwe. Njia inazibwa."

Hakuna aliyeinama. Asnaku alisogea hadi kwenye ukingo wa lundo. Alilisukuma kwa ncha ya kandambili, akaona lilivyo zito.

"Hiki ndicho kilichokuwa kikizidi?" aliuliza. "Hiki ndicho mlichokuwa mnatupitishia kichwani?"

"Zoa, mama. Mimi natumwa tu."

"Mwambie aliyekutuma aje na suti yake alizoe yeye. Au mkimbilie baba mkwe wake, gari halijafika mbali. Kiatu chake kingine si kiko hapa?"

Wanawake waliangua kicheko, hata vijana wa nondo wakacheka. Asnaku hakucheka. Alikuwa analia kwa hasira, waziwazi, bila kujifuta, na alimnyang'anya nyapara ile koleo ya udongo, akaitupa kando.

"Hakuna atakayeligusa," alisema. "Liacheni hapo. Likauke. Kila atakayeingia kwa lile geti, injinia, mwenye jengo, mkaguzi, mzee wa idiri, aulize ni nini hiki, na mimi nitakuwepo nimjibu."

"Watakufukuza, Asnaku," nyapara alisema, kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa anatishia.

"Najua."

Juu kabisa, Lakew alikuwa ameirudisha ndoo tupu na anangoja mtu wa chini ampe ishara ya kuendelea. Aliona watu wamefanya duara, akamwona mkewe katikati. Kijana wa ishara alikuwa amesahau mikono yake mifukoni. Lori la pili lilipiga honi getini, likapiga tena, na pembezoni mwa lundo zege lilikuwa limeshaanza kubadilika rangi.